Si Kila Tarakimu ni Hesabu

Mwezi Julai huku kwetu Kwai ni mwezi wa kipupwe na ukungu. Asubuhi bustani za kabichi na karoti hazionekani mpaka saa nne, na mtu asiye na shughuli ya lazima hukaa jikoni karibu na moto. Katika asubuhi moja ya namna hiyo mpwa wangu, binti anayesoma mambo ya kompyuta katika chuo kimoja mjini, alikuja na mashine yake kwapani, akaniamkia, akasema, "Mjomba, wewe ulifundisha hesabu. Hebu tazama zoezi hili tulilopewa la likizo. Ni dogo sana."

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi: programu isome maandishi ambayo mtumiaji ameyaandika kwenye kibodi, iyageuze kuwa namba kamili, kisha izijumlishe namba hizo na kuonyesha jibu. Alikuwa amekwisha kulimaliza kwa mistari minne. Kila penye maandishi alitanguliza amri moja fupi ya lugha ya Python, na amri hiyo ikafanya kazi yote ya kugeuza. Akaandika 12, akaandika 30, mashine ikajibu 42. Akanitazama kama mtoto wa darasa la pili aliyepata vema.

Nikamwambia, "Sasa chukulia ni mkulima wa hapa Kwai anaandika fedha alizouza." Nikavuta kibodi, nikaandika 1,200, pamoja na mkato wake, kama sote tunavyoandika. Programu ikasimama, ikatapika mistari ya makosa. Nikaandika "kumi" kwa herufi. Ikatapika tena. Nikabonyeza kitufe bila kuandika chochote. Vilevile. Mpwa wangu akacheka, akasema, "Ah, Mjomba, hayo hayamo. Mwalimu alisema tuchukulie kwamba mtumiaji ataandika sawasawa."

Ugomvi wangu ni na sentensi hiyo. Nimeifikiri kwa siku nyingi, nikiwa shambani na nikiwa kitandani, na kila nikiifikiri naona kwamba imeliondoa somo ndani ya somo. Mtumiaji akiandika sawasawa, hakuna linalobaki la kufundisha. Kazi nzima ya kugeuza maandishi kuwa namba imo katika yale ambayo mwalimu ameyafukuza mlangoni.

Nianze na lile ambalo zoezi linalificha. Kompyuta haijui kwamba alama 7 ni saba. Kwake alama zote, herufi na tarakimu pamoja, ni michoro iliyopewa namba za siri. Katika orodha iitwayo ASCII, inayotumika mpaka leo, alama 0 ina namba 48, alama 1 ina 49, na kuendelea hivyo mpaka alama 9 yenye 57. Kwa hiyo ukiipa maandishi "5" na maandishi "3" na kuiambia ijumlishe, lugha nyingi za programu hujibu "53", maana huyaunganisha tu kama mtu anayeunga vipande viwili vya kamba. Na ukiiambia ipange orodha ya magunia kutoka dogo hadi kubwa, itaweka "100" mbele ya "20", kwa kuwa 1 hutangulia 2, kama vile "baba" hutangulia "dada" katika kamusi.

Ili maandishi "305" yawe mia tatu na tano, mashine huchukua alama moja moja kutoka kushoto. Inachukua alama 3 yenye namba 51, inatoa 48, inapata tatu halisi. Inakwenda kwenye alama 0, lakini kwanza inazidisha ilichonacho kwa kumi: tatu inakuwa thelathini, inaongeza sufuri. Inafika kwenye alama 5, inazidisha tena kwa kumi: mia tatu, inaongeza tano. Imekwisha. Ndugu msomaji aliyepita shule ya msingi ameitambua habari hii. Ni mamia, makumi na mamoja, somo tulilokuwa tukilifundisha kwa vijiti na mafungu ya vijiti. Mimi nimelifundisha kwa mbegu za maharage. Mtoto wa darasa la pili analiweza. Mwanafunzi wa chuo, ambaye angelipata kuiona kompyuta ikifanya kazi ile ile aliyoifanya kwa maharage, anapewa amri moja ya kukariri na kuambiwa asiulize ndani mna nini.

Huo ni upungufu wa kwanza, na kama ungekuwa peke yake nisingeandika insha hii. Watu wengi huendesha gari bila kujua injini. Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, nao unahusu mashine inavyofanya isipoelewa.

Programu ya mpwa wangu ilikataa 1,200. Ilikataa kwa ukali na kwa lugha ya kigeni, lakini ilikataa, na kukataa kule ni uungwana. Ziko lugha nyingine zisizokataa. Katika lugha ya C, iliyotungwa miaka ya 1970 na ambayo bado inaendesha sehemu kubwa ya dunia, iko amri ya zamani ya kugeuza maandishi iitwayo atoi. Ukiipa "1,200" inasoma 1, inakutana na mkato, inasimama, na kukurudishia moja. Haisemi neno. Ukiipa "kumi" inakurudishia sufuri, nayo haisemi neno. Lugha ya JavaScript, inayotumika katika kurasa nyingi za intaneti, inayo amri kama hiyo, nayo kwa "1,200" hujibu moja.

Sasa fikiri. Mama amepeleka kabichi 1,200 kwenye gari. Daftari la mashine linasema amepeleka moja. Jirani yake aliyeandika "kumi" kwa herufi anaonekana hakupeleka kitu. Hakuna taa nyekundu iliyowaka, hakuna kengele iliyolia. Jumla chini ya ukurasa imetoka safi, na mwenye kuisoma ataiamini kwa sababu imetoka kwenye kompyuta. Sufuri ni jibu, na "sijui" ni jibu jingine. Mtu aliyeleta sufuri na mtu ambaye hatujui ameleta nini ni watu wawili, na kuwachanganya ni dhuluma, hata kama aliyewachanganya ni chuma kisicho na nia.

Sisi wa Usambara hatuhitaji kuelezwa sana habari hii, kwani tunaifahamu bila kompyuta. Gunia la viazi linajazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake kinaongezwa kichwa kizima kinachoshonewa kwa kamba, na mnunuzi analiita gunia moja. Ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo wameikemea mara nyingi, lakini nani hajaiona? Lumbesa ni atoi ya sokoni. Inasoma mpaka mdomo wa gunia, na kilichozidi hapo inakitupa kimya kimya, kisha inaandika 1. Mkulima ametoa kitu chenye ukubwa wake, uzito wake na jasho lake, na daftari limekigeuza kuwa namba kamili. Nasema basi kwamba kijana wa mkulima akifundishwa kugeuza bila kuuliza kilichoachwa nje, amefundishwa kushona lumbesa.

Na huo mkato nao una historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliweka hapa Kwai kituo cha kujaribia kilimo na mifugo, wakati Lushoto wakiiita Wilhelmstal. Kwa Mjerumani, wakati ule na hata leo, mkato unatenga namba nzima na sehemu yake. Akiandika 1,200 anasema moja na sehemu mbili za kumi, na anapotaka elfu moja na mia mbili huweka nukta. Wakaja Waingereza na desturi iliyo kinyume, nasi tumerithi ya Waingereza. Maandishi ni yale yale, juu ya ardhi ile ile, na thamani yake imepishana mara elfu. Hapo tena nauliza: "kuandika sawasawa" ni kuandika kwa nani?

Nimesema mambo ya kubuni kuhusu kabichi. Sasa niseme lililotokea. Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga. Tulitakiwa kupeleka orodha ya wanachama katika ofisi moja ili wasajiliwe kupata mbegu kabla ya masika. Kila mtu aandike jina, namba ya simu, na namba ya kitambulisho cha taifa. Tuliandika kwa mkono, kwa uangalifu, na kwa ajili ya nafasi tuliziandika namba za vitambulisho bila vile vistari vyake. Kijana wa ofisini akaziingiza kwenye jedwali la kompyuta. Baada ya wiki tatu orodha ikarudi na alama nyekundu: wanachama wote hawatambuliki.

Nilipoiangalia niliona mambo mawili. Namba zote za simu zilikuwa zimepoteza sufuri ya mbele, zikawa na tarakimu tisa badala ya kumi. Na namba zote za vitambulisho ziliishia na sufuri tano.

Sababu yake ni hii. Jedwali la kompyuta likiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, na hugeuza bila kuombwa. Katika hesabu, sufuri iliyo mbele haina thamani, kwa hiyo huitupa. Namba ya kitambulisho chetu ina tarakimu 20, ambazo 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Jedwali la aina ya Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zinazozidi hapo huziandika sufuri. Tano zilikuwa zimekufa kwa kila mwanachama.

Sufuri za simu tulizirudisha kwa dakika chache, maana tulijua lazima ziwepo. Tarakimu tano za vitambulisho hazikuwa na wa kuzirudisha, kwa kuwa hazikuwa zimefichwa mahali, zilikuwa zimepotea. Na ile karatasi yetu ya mkono ofisini haikuonekana tena. Ikabidi tuzunguke upya nyumba kwa nyumba, mlima huu na mlima ule, katika matope, kuwaomba watu watoe tena vitambulisho vyao. Wengine walikuwa wamesafiri. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa amelazwa hospitalini, na kitambulisho chake kilikuwa kwa mwanawe Tanga. Mbegu zilipogawiwa hakuwemo katika orodha. Shamba lake mwaka ule lilikaa na magugu. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza, "Mwanangu, kwani kompyuta haijui kusoma?" Sikuwa na jibu la heshima la kumpa.

Baadaye nilipomsimulia mpwa wangu, yeye alipiga hesabu nyingine iliyonichekesha na kuniuma. Alisema hata nje ya majedwali, namba kamili kubwa kabisa ambayo kompyuta za kawaida huishika kwa mkupuo mmoja, yaani katika biti 64 zisizo na alama ya hasi, ni 18,446,744,073,709,551,615. Nayo pia ina tarakimu 20. Lakini kitambulisho cha mtu yeyote aliye hai huanza na 19 au 20, kwa hiyo hakitoshi humo. Ili namba yako itoshe, yapasa uwe umezaliwa mwaka 1844 au kabla yake. Maana yake ni kwamba chombo hicho kingewafaa watu wa enzi za Kimweri ye Nyumbai kule Vuga, na kwamba sisi wajukuu zao tumechelewa kuzaliwa.

Kosa hapa si la ukubwa wa chombo, kwani vyombo vikubwa zaidi vipo. Kosa ni kuigeuza ile namba tangu mwanzo. Na hapa ndipo nasema kwamba Kiswahili chetu kilikuwa na jibu kabla ya kompyuta kufika. Sisi tuna maneno matatu. Tuna tarakimu, ambazo ni alama zile kumi za kuandikia. Tuna namba, ambayo yaweza kuwa jina tu la kitu: namba ya nyumba, namba ya gari, namba ya simu. Na tuna idadi, ambayo ni wingi wa vitu vilivyohesabiwa. Mtu husema "idadi ya magunia", wala hakuna asemaye "idadi ya simu yangu ni sufuri saba". Lugha imetenga vitu ambavyo zoezi la chuo limevichanganya.

Kipimo chake ni chepesi, nami nimempa mpwa wangu akiandike ukutani. Chukua mbili kati ya hizo namba, uzijumlishe. Je, jibu lina maana? Magunia 12 na magunia 30 ni magunia 42. Yana maana, geuza. Simu yangu jumlisha simu yako ni simu ya nani? Kitambulisho changu toa kitambulisho chako kinabaki nini? Havina maana. Basi hayo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, na jina haligeuzwi. Namba ya mtihani wa kidato cha nne imeponea tundu la sindano kwa kuwa huanza na herufi na katikati ina mkwaju. Ingekuwa tarakimu tupu, watoto wa shule zenye sufuri mbele wangelikuwa wamepoteza shule zao zamani.

Sasa nije kwa wale watakaosema, na nimewasikia wakisema, kwamba hayo yote yanathibitisha kuwa Kiswahili na watu wake hawafai kwa mashine. Wanao mfano wao, nami nitawasaidia kuutoa, maana ni mfano mzuri. Ukitaka kompyuta isome namba zilizoandikwa kwa maneno yetu, itapata kazi. "Mbili" ikifuata watu inakuwa wawili, ikifuata vikapu inakuwa viwili, ikifuata matenga ya nyanya inakuwa mawili, ikifuata mifuko inakuwa miwili. Lazima mashine ijue kuvua kiambishi kabla ya kuona namba iliyo ndani. "Mia mbili" ni 200, lakini "mia na mbili" ni 102, na tofauti yote imebebwa na "na" moja. "Elfu kumi na mbili" yaweza kuwa 12,000, yaweza pia kuwa 10,002. "Laki" tumeipata kutoka Bara Hindi, nayo ni 100,000. Sokoni mtu husema "niletee kumi na tano" akiwa na maana ya elfu kumi na tano. Na saa saba ya mchana kwenye kioo cha simu huandikwa 13:00, kwa kuwa sisi twahesabu saa tangu jua lilipochomoza, na mashine inahesabu tangu usiku wa manane.

Ni kweli yote. Lakini nani amesema lugha nyingine ni nyepesi? Mfaransa wa Ufaransa akitaka kusema tisini husema nne-ishirini-kumi. Mjerumani akitaka ishirini na tano husema tano na ishirini, akitanguliza mamoja. Kompyuta zao zimejifunza, kwa sababu watu wao waliketi wakazifundisha. Hakuna aliyewaambia Wafaransa wabadili kuhesabu. Na hiyo tata ya elfu kumi na mbili, kila muuza viazi anajua kuifungua: akiona hueleweki, anasema "kumi na mbili elfu", na shaka imekwisha. Utaratibu upo. Unangoja tu mtu wa kuuandika katika programu, na mtu huyo hatapatikana ikiwa wanafunzi wetu wanaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba maneno ya mama zao ni makosa ya mtumiaji.

Tena niwakumbushe kitu kimoja ambacho mabenki wanakijua. Katika hundi, kiasi huandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Kwa sheria ya hundi tuliyoirithi kwa Waingereza, viwili hivyo vikipingana, maneno ndiyo yanayoshinda. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba tarakimu moja huongezwa au hufutwa kwa urahisi, wakati neno lina mwili. Na sisi leo tunawafundisha vijana kwamba maandishi ni takataka za kupangusa ili tupate namba safi.

Kuna pingamizi jingine, la haki zaidi. Mwalimu atasema: "Mzee, hawa ni wanaoanza. Nikiwatwika mikato, sufuri, maneno na vitambulisho siku ya kwanza, watakimbia wote." Namsikia. Nami nilifundisha wanaoanza. Lakini sisemi awatwike yote. Nasema asiwadanganye. Mtoto wa darasa la pili hatumfundishi kugawanya kwa tarakimu tatu, ila pia hatumwambii kwamba kugawanya hakuna baki. Tunamwambia, "Leo tutagawanya yasiyobaki, yanayobaki yapo, tutayafikia." Hilo linatosha kumweka macho. "Tuchukulie mtumiaji ataandika sawasawa" ni kumfumba macho, tena kwa kumtupia lawama mtu ambaye hayupo darasani kujitetea.

Wala asidhani kwamba mazoea hayo huachwa ukubwani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na haikumaliza dakika moja angani kabla ya kusambaratika. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu yake ilijaribu kuigeuza thamani moja ya kasi kuwa namba kamili ya biti 16, na thamani ile ilikuwa kubwa kuliko chombo. Programu hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako thamani ile haikuwahi kufika ukubwa huo, na hivyo hawakuiwekea ulinzi. Wale walikuwa mabingwa, si wanafunzi wa likizo. Nao walichukulia.

Basi zoezi liweje? Liwe lile lile, na data zitoke kwetu. Mwalimu aandike ubaoni mistari saba: 12; 1,200; kumi; matenga mawili; sufuri peke yake; mstari mtupu; na namba ya simu ya kubuni inayoanza na sufuri. Kisha awaulize wanafunzi, kabla hawajagusa kibodi: lipi ni idadi na lipi ni jina? Lipi ligeuzwe, lipi liachwe, na lipi tumrudie mwenyewe kumuuliza? Saa moja ya mabishano hayo itawafaa kuliko mwezi wa kukariri amri. Baada ya hapo hiyo amri fupi ya Python wapewe, waitumie kwa furaha, kwani sasa wanajua ni mlango wa kitu gani.

Na wenzetu wa maofisini nawaomba neno moja tu: safu ya simu na safu ya vitambulisho ziwekeni kuwa maandishi kabla hamjaandika tarakimu ya kwanza. Ni kubonyeza mara mbili au tatu. Karatasi ya mkono msiitupe.

Mpwa wangu alikaa na zoezi lake siku nne zaidi. Mistari minne ikawa arobaini na kitu. Sasa ukiipa 1,200 programu inaondoa mkato, lakini kwanza inauliza, "Una maana ya elfu moja na mia mbili?" Ukiipa "kumi" inajua. Ukiipa neno isilolijua inasema, kwa Kiswahili, "Samahani, sijaelewa, tafadhali andika kwa tarakimu," na inangoja. Aliipeleka kwa yule bibi jirani, akamwonyesha. Bibi akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, herufi moja moja. Mashine ikaomba samahani, ikangoja. Bibi akasema, "Afadhali hii. Inakubali kwamba haijui."

Chuoni zoezi hilo lilipewa alama pungufu kwa kuwa refu mno. Mpwa wangu aliniletea karatasi, hakusema kitu. Nami nikachukua kalamu yangu nyekundu ya zamani, nikamwandikia vema kubwa pembeni, kisha nikaanza kuandika insha hii.